Dai la Rispa Atemo

Ghorofa ya pili, Ngara, juu ya duka la vitambaa,
kazi yangu ni kuyaita meno kwa majina
ambayo kampuni ya bima itayakubali.
Siandiki "jino" kwanza. Nimejifunza.
Ukianza na jino, fomu hurudi kabla chai haijapoa:
"Meno hayamo."
Basi naanza na tarehe. Naanza na saa.
Naandika ajali, naandika uso, taya, mdomo,
nashuka polepole kama mtu kwenye ngazi isiyo na taa
hadi kwenye fizi, na hapo, kwa sauti ya chini:
meno mawili ya mbele, ya juu, yamevunjika.

Rispa Atemo, mpishi wa shule, Makadara.
Jumanne, saa kumi na moja alfajiri,
uji wa watoto mia sita,
mwiko mrefu kama mpini wa jembe
ukakwama, ukafyatuka, ukampiga.
"Chombo kilichosababisha jeraha?" yauliza fomu.
Mwiko, nikaandika.
Kijana wa bima akacheka kwenye simu:
"Mwiko upi, dada? Wa mila au wa jikoni?"
Wa jikoni.
Akanyamaza. Nikasikia anapiga chapa.

Swali la kumi na nne ndilo lenye meno:
"Thibitisha kuwa jino lilikuwa zima kabla ya tukio."
Nani hutunza ushahidi wa jino lisilouma?
Mtu huja kwetu akiwa na maumivu;
raha haina faili.
Kitambulisho: midomo imefumbwa.
Harusi ya dada yake: kiganja mdomoni.
Matanga ya mama: hata sikuuliza.
Alikaa mbele yangu, leso usoni, akipekua simu,
"subiri," akisema, nayo ikitoka "thubiri,"
"thubiri kidogo," na macho yake yakiomba radhi
kwa kosa la mwiko.

Tukaipata. Siku ya zawadi, mwaka juzi.
Mwanafunzi fulani alimwambia jambo asilolikumbuka tena
na Rispa anacheka hadi koo laonekana,
meno yote mawili yapo, na kati yake mwanya,
mwembamba, wa kupitisha uzi.
Nikaichapisha. Nikauzungushia mdomo wino mwekundu.
Kielelezo B.

Ajali haina kinga, walisema wahenga,
ambao hawakukatwa mshahara wa bima kila mwisho wa mwezi.

Jibu likaja siku ya arobaini na tatu.
Eksirei, ndiyo. Kushona mdomo, ndiyo.
Jino bandia la kwanza, ndiyo.
La pili: "urembo."
Nikapiga simu. Muziki. Nikapiga tena. Muziki uleule.
Alipopokea nikamuuliza swali moja tu:
urembo ni la kushoto au la kulia?
Hakujua. Nikangoja. Akaenda kumuuliza mkubwa wake,
naye hakujua.
Wakalipa yote mawili.

Siku ya kupima, Rispa akalishika koti la Daktari Shiundu:
"Unirudithie na mwanya wangu."
Daktari akanitazama mimi.
Nikafungua fomu, kurasa zote sita.
Kuna kisanduku cha jino, cha taji, cha mzizi.
Hakuna cha mahali pasipo kitu.
Jino la pembe si dawa ya pengo, najua,
lakini mwanya si pengo:
pengo umeachiwa, mwanya ulikuja nao.

Nikaandika pambizoni kwa mkono,
palepale palipochapwa "Usiandike hapa":
nafasi, milimita moja na nusu, mali ya mgonjwa.
Gharama: hakuna.